Sehemu ya pili au hadithi mpya: tiketi yako ya katuni iende wapi?

Desemba 2024, shule zikiwa zimefungwa, niliwapeleka wapwa zangu wawili sinema. Mkubwa alikuwa na miaka 12, mdogo wake, Zuhura, alikuwa na 7. Pale dirishani pa tiketi nikawauliza wanataka ipi. Zuhura hakusubiri nimalize: "Moana, anko. Ile ya pili." Kaka yake akaguna kwamba ya kwanza wameshaiangalia nyumbani mpaka wameikariri. "Si ndiyo maana," akajibiwa.

Nililipa, tukanunua bisi, tukaingia. Ila lile "si ndiyo maana" liliniganda kichwani, kwa sababu nadhani wenye studio kule Marekani wanalijua kuliko sisi. Mtoto hachoki kurudia, na mzazi hataki kubahatisha na hela yake. Ukiwaweka wawili hao kwenye foleni moja, filamu yenye namba 2 imeshashinda kabla taa hazijazimwa.

Swali langu hapa ni la kimfuko zaidi kuliko la kisanaa. Ukiwa na hela ya kwenda sinema mara moja au mbili kwa mwaka na watoto, uipeleke kwenye mwendelezo wa kitu wanachokijua au kwenye hadithi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisikia? Nimejaribu njia zote mbili.

Kwanza tuhesabu, maana lawama zetu zina makengeza

Wengi tunapenda kusema studio za katuni zimeishiwa hadithi. Kwa mwaka 2024 usingekuwa na la kubisha. Filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani mwaka ule, za katuni na za watu, ilikuwa Inside Out 2: karibu dola bilioni 1.7. Moana 2 ikavuka bilioni moja. Despicable Me 4 ikaikaribia. Mwaka uliofuata Zootopia 2 nayo ikaivuka. Zote zina namba mwisho wa jina, kama matoleo ya simu.

Sasa chukua kalamu uhesabu filamu za Pixar, studio ambayo kila mtu huitolea mfano. Kuanzia Toy Story ya 1995 hadi Up ya 2009 walitoa filamu 10, na mwendelezo ulikuwa mmoja tu, Toy Story 2. Kuanzia 2010 hadi 2019 walitoa 11, na 7 kati ya hizo zilikuwa miendelezo: wanasesere mara mbili, magari mara mbili, samaki, majitu ya chuo kikuu na ile familia yenye nguvu za ajabu. Hadithi mpya zikabaki nne. Hapo ndipo manung'uniko yalipozaliwa, na yalikuwa ya haki kabisa.

Lakini endelea kuhesabu. Kuanzia 2020 hadi 2025 Pixar walitoa filamu 8. Ukitoa Lightyear, iliyochomolewa kwenye ukoo wa Toy Story, na Inside Out 2, zinabaki 6, na zote 6 ni hadithi mpya. Je, mzazi wa kawaida anaweza kuzitaja? Onward, Soul, Luca, Turning Red, Elemental, Elio. Mimi mwenyewe mbili nilizikuta zimeshapita.

Hapo sasa lawama tugawane. Studio ina fungu lake, tena kubwa: Soul, Luca na Turning Red zilipelekwa moja kwa moja Disney+, huduma ya Disney ya kutazamia filamu mtandaoni, kipindi cha korona na baada yake, na kwa kufanya hivyo walitufundisha kwamba katuni mpya haina haja ya kufuatwa sinema, itakuja yenyewe sebuleni. Tulifundishika. Elemental ilipofika 2023 ilianza Marekani na dola milioni 29.6 tu wikiendi ya kwanza, ikatangaziwa msiba. Kisha watu wakaanza kuambiana kwamba ni nzuri, ikapanda polepole mpaka karibu milioni 500 dunia nzima. Elio, Juni 2025, haikupata bahati hiyo. Ilianza na milioni 20.8, mwanzo mbaya kuliko wowote katika historia ya Pixar. Mwaka mmoja tu kabla yake, studio ileile, mwezi uleule wa Juni, Inside Out 2 ilikuwa imeanza na milioni 154.

Ungekuwa wewe mkurugenzi, kesho asubuhi ungeidhinisha ipi?

Kinachoiuma studio

Katuni moja ya Pixar au Disney hula takriban dola milioni 200 kabla ya matangazo, na huchukua miaka minne, mitano kutengenezwa. Hela ya namna hiyo inamtia mtu woga. Na filamu yenyewe ni mlango tu. Zunguka Kariakoo mwezi Januari shule zinapofunguliwa uangalie mabegi yanayoning'inia vibarazani: Elsa wa Frozen bado yupo, na filamu iliyomzaa ni ya 2013. Sehemu ya pili, 2019, ilikuwa pia njia ya kulifanya begi liendelee kuuzika, na iliingiza dola bilioni 1.45 juu yake.

Kwa hiyo mwendelezo ndio unaolipa kodi ya nyumba. Hilo silikatai. Hata hiyo Elio isingetengenezwa bila fedha za akina Woody na Nemo.

Na tusidanganyane kwamba zamani ilikuwa peponi. Wenye umri wangu wanakumbuka miendelezo ya Disney ya kanda za video ya miaka ya 90: The Return of Jafar ya 1994, Simba's Pride ya 1998, na nyingine kibao zilizofuata, zilizotengenezwa kwa gharama ndogo ziuzwe bila kupita sinema. Baada ya Disney kuinunua Pixar mwaka 2006, John Lasseter aliyepewa usukani alizisimamisha. Mwendelezo wa leo angalau unachorwa kwa fedha kamili.

Tena The Lion King yenyewe, ile ya 1994, iliyobeba Simba, Rafiki na Pumbaa kutoka kinywani mwetu, ilikuwa hadithi isiyo na mama wala baba sokoni. Wengi ndani ya studio walipendelea kupangiwa Pocahontas, wakiamini ndiyo itakayovuma. Leo ile ya Simba ina miendelezo ya video, mfululizo wa televisheni ambamo mtoto wa simba husema "hevi kabisa" kwa furaha zote, filamu ya 2019 na Mufasa ya 2024. Hadithi mpya iliyobahatika inageuka shamba la urithi.

Moana 2 na Elio, kiti kwa kiti

Turudi ukumbini. Moana 2 ilianza maisha yake kama mfululizo wa Disney+, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba itakuwa filamu, ikatoka Novemba mwaka huohuo. Ukilijua hilo, unaona mishono. Moana anapata mabaharia watatu wapya, na kila mmoja ana vituko vyake ambavyo ungetegemea vipewe kipindi kizima. Hapa vinapewa dakika mbili. Anatokea mwanamke mwenye popo, ana wimbo mzuri kuliko zote, halafu anatoweka kama mgeni aliyeitwa na simu. Adui mkubwa unamwona barabara baada ya filamu kwisha, kwenye kipande cha katikati ya majina, na kazi yake pale ni kukuambia uandae hela ya sehemu ya tatu.

Picha ni nzuri. Bahari ile unatamani kuichota. Watoto walifurahi, na siwezi kuwasingizia. Ila tulipokuwa kwenye bajaji tukirudi nyumbani Zuhura aliimba njia nzima, na nyimbo zote alizoimba zilikuwa za sehemu ya kwanza.

Juni 2025 nikawapeleka Elio. Safari hii niliamua mimi, na nilinuniwa kuanzia stendi mpaka ndani. Tulikuwa watu tisa ukumbini, wahudumu hawamo. Elio ni mtoto yatima anayelelewa na shangazi yake, mwanajeshi, ambaye ameacha ndoto zake mwenyewe ili amlee, na mtoto anaujua mzigo huo. Basi anatamani viumbe wa anga za mbali waje wamchukue. Kuna mahali analala chali ufukweni, amejichorea mchangani maandishi makubwa ya kuomba atekwe, macho juu, anasubiri. Hakuna anayekuja. Analala palepale siku nyingine. Bado hakuna.

Yule wa miaka 12 akaacha kutafuna. Huyu naye ana rafiki darasani anayelelewa na shangazi; aliniambia baadaye, bila mimi kumuuliza. Baada ya pale filamu inapaa angani na inakuwa ya kawaida kidogo, rangi nyingi, makelele mengi, na inaonekana imepita mikono tofauti: mwongozaji aliyeianzisha, Adrian Molina, siye aliyeimaliza. Kama ni kupanga alama kwa ufundi, Elio na Moana 2 hazipishani sana, nami nisingegombana na mtu atakayeipa Moana 2 zaidi. Lakini kwenye Moana 2 hakuna dakika hata moja niliyojiuliza nini kitafuata. Kwenye Elio, hata mnuno uliisha.

Miendelezo inayostahili nauli

Ningekuwa muongo kama ningeishia hapo, maana kuna sehemu za pili na za tatu zilizozidi mama zao.

Puss in Boots: The Last Wish ilitoka mwishoni mwa 2022, miaka 11 baada ya ile ya kwanza. Kwetu paka ana roho saba, kwao ana tisa. Huyu ameshazitapanya nane kwa majigambo. Anaketi baa, anakunywa maziwa, na kando yake anakaa mbwa mwitu mwenye kofia ya joho. Filimbi ya mdomo, taratibu. Wanapigana, na kwa mara ya kwanza upanga unamgusa paka: tone moja la damu linashuka kwenye paji la uso, manyoya yote yanasimama, anakimbia. Shujaa wa watoto anakimbia! Filamu nzima baada ya hapo ni ya mtu anayeogopa kufa, na kila filimbi ikisikika unamwona mtoto akivuta miguu juu ya kiti. Hili lisingewezekana kwenye filamu ya kwanza. Ilibidi kwanza tumzoee akijigamba.

Toy Story 3 ya 2010 nayo ina sababu yake: Andy amekua, anakwenda chuo, na wale waliomwona akiwa mdogo mwaka 1995 walikuwa nao wanafunga mabegi. Inside Out 2 vilevile. Riley, msichana ambaye hisia za kichwani mwake ndizo wahusika wa filamu, alikuwa na miaka 11 kwenye ya kwanza, sasa ana 13, na kichwani mwake amehamia Wasiwasi, rangi ya chungwa, nywele timtim, mabegi mkononi. Mwishoni Riley yuko kwenye kibanda cha adhabu uwanjani, kifua kinamdunda, na huko ndani Wasiwasi ameganda kwenye usukani, machozi yanamlenga, hawezi hata kuuachia. Shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, aliniambia amepata njia ya kuzungumza na wanafunzi wake kabla ya mtihani wa taifa. Iliingiza bilioni 1.7, na hapo naona watu hawakuibiwa.

Ukizitazama hizo tatu pamoja, kuna kitu kimoja: muda umempita mhusika. Ameongeza umri, au ameishiwa roho. Kwenye sehemu ya pili iliyotengenezwa kwa ajili ya begi la shule, kila mtu yuko vilevile, kilichobadilika ni kisiwa.

Na tahadhari moja ya bure: zipo zinazokatika katikati. Spider-Man: Across the Spider-Verse ya 2023 ni kazi ya kutisha kwa uzuri, lakini inaishia njia panda. Mpwa wangu alibaki amekaa majina yakipita, akisubiri mwisho.

Halafu kuna yule paka wa Latvia

Machi 2025 tuzo ya Oscar ya katuni ndefu ilishindaniwa, miongoni mwa nyingine, na Inside Out 2 yenye bajeti ya karibu dola milioni 200, na Flow, iliyotengenezwa kwa takriban euro milioni 3.5. Flow ikashinda. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, alikuwa na miaka 30, na aliitengeneza kwa programu ya Blender, ile ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Nchi yenyewe, Latvia, ina watu wasiofika milioni mbili, pungufu sana ya Dar es Salaam peke yake.

Ni ya mafuriko. Paka mweusi yuko peke yake, maji yanapanda. Anapanda juu ya sanamu kubwa ya paka, maji yanafika shingoni mwa sanamu, yanafika masikioni, na yeye amebaki kwenye ncha. Ndipo jahazi dogo linapita. Ndani yumo mnyama mnene mtulivu wa Amerika ya Kusini wa jamii ya panya, baadaye anaongezeka lemuri wa Madagaska anayependa kukusanya vyombo kwenye kikapu kama mwali, mbwa, na karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu tunayemwona mbugani kwetu.

Hawasemi neno. Saa moja na nusu, ni kulia kwa paka, kubweka, na maji. Nililiona hilo kama kasoro nilipoiweka sebuleni, nikasema hawa watanikimbia dakika ya kumi. Badala yake, baada ya kama robo saa, Zuhura akaanza kumsemea mbwa. Kaka yake akamchukua lemuri, akampa sauti ya dalali wa mnadani. Mama yao akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Katuni nyingi kubwa hutufikia kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la pili anafuata nusu, nyingine anaulizia. Mwendelezo unamsaidia hapo, kwa sababu anawajua watu na anabahatisha maneno. Flow ilimsaidia zaidi: haikuwa na la kutafsiri.

Kwa hiyo, hela yako

Kama una tiketi moja tu kwa likizo nzima, ipeleke kwenye hadithi mpya, tena wiki ya kwanza au ya pili. Sababu ni ya kibiashara tu. Katuni isiyojulikana huondolewa ukumbini upesi, na idadi ya walioingia siku za mwanzo ndiyo inayohesabiwa. Ukiisubiri uione nyumbani, umeshapiga kura ya hapana. Mwendelezo hauendi popote. Utaukuta kwenye televisheni Idi au Krismasi, utaukuta kwenye basi la kwenda Arusha, utaukuta kwa jamaa wa muvi mtaani, ambaye kwenye karatasi aliyobandika ukutani majina yenye namba ndiyo yanayopigiwa mstari kwanza.

Ila mtoto wa chini ya miaka mitano, anayeingia ukumbi wa giza na spika zinazotikisa kiti, mpe sura anayoijua. Kwake mwendelezo ni mkono wa kushika. Hali kadhalika ukiwa na kundi la watoto sita wa birthday wa rika tofauti. Siku hiyo usijaribu kuwafunza sanaa, utajuta.

Ukiuchagua mwendelezo, angalia kama ni namba nne au zaidi (hapo nasita), kama ulianza kama mfululizo wa televisheni (hapo nasita sana), na kama umepita muda mrefu tangu uliotangulia, jambo ambalo mara nyingi, si mara zote, ni dalili njema. Toy Story 5 imepangiwa Juni 2026, miaka 7 baada ya ya nne. Namba inanitia shaka, muda unanipa moyo. Nitawapeleka, nitajua huko huko.

Na kama una Disney+ au jirani anayo, kabla hujaenda mbali tafuta Kizazi Moto, ya 2023. Jina ni letu, na ndani kuna filamu fupi 10 za waongozaji wa Afrika, kila moja hadithi yake, hakuna inayotegemea nyingine. Raymond Malinga wa Kampala ameleta wachungaji wa ng'ombe wa zama zijazo, Ng'endo Mukii wa Kenya ameleta Enkai. Baadhi zinakwenda mbio mno kwa urefu waliopewa, na kuna mbili tatu ambazo ningetamani, Mungu anisamehe, zipewe sehemu ya pili.

Usiku ule wa Flow, majina yalipoanza kupita, Zuhura alinigeukia.

"Anko, hii ina ya pili?"

"Haina."

Akafikiri kidogo, akavuta mto akalala kifudifudi mbele ya runinga.

"Basi weka tena."